Oili Imepanda, Sijaongeza

Sentensi hiyo hapo juu si yangu. Ni ya baba yangu, aliyeiandika kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la kurasa 96 lililokaa miaka yote nyuma ya kiti cha dereva, kati ya jeki na koti la mvua. Maneno matatu tu. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na nimesimama mbele ya madarasa mengi nikachambua mashairi yenye mafumbo mazito kuliko hayo. Maneno matatu ya baba yalinishinda, na kwa sababu yalinishinda nusura nimdhulumu ndugu yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka mingi aliendesha ya watu, kisha uzeeni akanunua lake: Mitsubishi Canter iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, injini ya 4D33, silinda nne, sisi 4,214, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Kwenye bampa ya nyuma akaandikisha TARATIBU. Alipakia viazi na mbao kwetu Makambako, au nyanya za Ilula, au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, akashusha Dar es Salaam, akarudi na sabuni, chumvi na mabati. Waya wa spidomita ulikatika namba zikiwa zimesimama kwenye kilometa 487,000 na kitu. Hakuuunga. Alisema mtu akishafika umri fulani haulizwi tena ana miaka mingapi. Tangu hapo kumbukumbu zote za gari zikawa za daftari: tarehe, safari, filta, lita za oili.

Machi mwaka jana alianguka bafuni. Kiharusi, na chanzo presha. Julai, baada ya vikao vya ukoo, mama akaamua gari liuzwe, maana paa la nyumba lilikuwa halijakamilika na mdogo wetu wa mwisho alikuwa anangoja ada ya chuo. Mnunuzi hakuhitaji kutafutwa. Mtoto wa baba mdogo (kwetu hatumwiti binamu, ni mdogo wangu, basi) alikuwa utingo wa baba kwa miaka saba, halafu dereva wake wa kupokezana kwa mitatu. Alikopa SACCOS, akauza ng'ombe wawili, akaja kusema, "Kaka, nipeni mimi. Lile gari nalijua kuliko ninavyojijua." Tukakubaliana milioni 18.

Nikaenda kuliwasha pale lilipolala tangu msiba. Liliwaka. Lakini lilitoa moshi wa bluu uliofunika mparachichi mzima, na injini ilipopata moto, ile taa nyekundu yenye alama ya birika la oili ikawa inanikonyeza kila nilipoachia mafuta.

Pale mjini kuna dalali wa magari, mtu tunayefahamiana naye. Alinisikiliza dakika mbili. "Mwalimu, hilo gari zee. Gari zee linataka oili nzito. Mwaga iliyopo, weka namba 50, ongezea makopo mawili ya ile dawa ya moshi. Siku mnunuzi anakuja, liwashe mapema, akute lina moto. Basi." Nikamuuliza kama hiyo ndiyo tiba yake. Akacheka. "Tiba ya nini? Wewe si unauza?"

Sikwenda dukani kama tapeli, nataka hilo lieleweke. Nilikwenda kama mtu anayeamini jambo ambalo barabara nzima, kuanzia Tunduma hadi Ubungo, inaliamini: gari likizeeka, oili iwe nzito. Kuna ukweli ndani yake pia. Injini iliyotembea sana imelika. Nafasi kati ya beringi na kranki imepanuka, ringi za pistoni hazibani tena kama zamani, na oili nyepesi hupita kwenye nafasi hizo kama maji kwenye kapu. Oili nzito huchelewa kupita. Presha inapanda, kelele inapungua, moshi unapungua. Anayesikiliza kwa masikio peke yake atasema gari limepona.

Rafu ya duka ilinichanganya. SAE 40. SAE 50. 15W-40. 20W-50. 10W-30. Kwa miaka mingi niliamini W ile ni ya "wese". Kumbe ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyotangulia W inaeleza oili inavyojiweza ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi gari linapowashwa. Namba ya nyuma hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi joto 100, yaani injini ikiwa kazini. Oili ya 40, iwe imeandikwa SAE 40 tupu au 15W-40, kwenye joto hilo inatakiwa iwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ya 50 inaanzia hapo na kuishia 21.9. Kwa hiyo wale wazee wanaoikataa 15W-40 eti ni maji, wanaionea. Ikishapata moto iko kundi moja la uzito na hiyo SAE 40 wanayoiapia. Tofauti yao iko alfajiri.

Na alfajiri ya Makambako si mchezo. Tuko mwinuko wa zaidi ya meta 1,600, na mwezi wa saba ukiongea nje saa kumi na mbili asubuhi maneno yanatoka na moshi. Oili nzito saa hizo ni uji wa jana. Pampu inaivuta kutoka kwenye sampu, inaisukuma kwenye filta, kwenye kranki, mpaka juu kabisa kwenye roka, na kila sekunde inayochelewa kufika ni chuma kinasaga chuma. Halafu siku hiyohiyo gari hilohilo linateremka Kitonga, mchana liko Ruaha Mbuyuni ambako hata kivuli kina joto. Gari moja, hali ya hewa mbili ndani ya siku moja. Ukiniuliza leo kwa nini watu walihangaika kutengeneza oili yenye namba mbili, nitakujibu: kwa ajili ya barabara ya kwetu.

Niwatendee haki wazee lakini. Oili ya namba mbili huwekewa kemikali zenye minyororo mirefu ambazo huizuia isilegee mno kwenye joto, na minyororo hiyo hukatika kadiri inavyosagwa ndani ya injini, hivyo oili huanza safari ikiwa 40 na huweza kuimaliza ikiwa imelegea. SAE 40 tupu haina cha kukatika. Lori linaloshinda Dar es Salaam, halijui baridi, halizimwi mara kwa mara, linaweza kuishi nayo miaka. Na baba alijifunza kazi katika miaka ya 80, ya foleni na vibali, wakati ambapo oili sahihi ilikuwa ile iliyopatikana. Mtu akiishi hivyo miaka kumi, kilichopatikana kinageuka kuwa imani.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilinunua SAE 50 na makopo mawili ya dawa, kitu kinachoteremka kwenye mdomo wa injini kama asali iliyochoka, nikamwaga iliyokuwemo, nikajaza. Ilikuwa Jumatatu jioni. Moshi ukapungua mpaka ukawa wa kusameheka. Taa ikaacha kukonyeza. Nilijiona fundi.

Jumanne asubuhi nikaliwasha likiwa la baridi, na kwa sekunde kadhaa injini iligonga kama mtu anayepiga sufuria tupu kwa mwiko. Kisha ikatulia. Mama alikuwa anafagia uwanja. Alisimama na ufagio mkononi akaniangalia, hakusema kitu, akaendelea kufagia.

Fundi wa baba ana gereji upande wa pili wa reli, chini ya mikaratusi. Ni mzee, macho yake yamepungua nguvu, na vijana wake ndio wanaolala chini ya magari siku hizi. Yeye anakaa kwenye kiti cha basi lililokufa na kutoa hukumu. "Kamwene," nikamsalimu, naye akaitikia bila kuniangalia, maana alikuwa anaangalia Canter. Alivuta kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole, akainusa.

"Nani kaweka uji humu?"

Nikakiri. Hakunigombeza. Aliuliza iliyomwagwa ilikuwaje, nikasema nyeusi. Akasema oili ya dizeli lazima iwe nyeusi, oili ambayo haiwi nyeusi haifanyi kazi. Kazi yake nyingine ni kushika masizi yasigande kwenye chuma. Alichotaka kujua ni harufu yake, na uzito wake, na ilikuwa imefika wapi kwenye kijiti. Sikuwa nimetazama hata kimoja. Ndipo akauliza, "Na lile daftari la Mzee liko wapi?"

Hapa lazima nieleze daftari lilivyo. Lina madoa. Kila baada ya kurasa moja au mbili kuna doa jeusi la mviringo, baadhi makubwa kama kisahani cha kahawa, na madoa hayo yamepenya hadi ukurasa wa nyuma. Mama alikuwa akimsema sana baba kwa uchafu huo. Mimi niliona ni mikono ya kazi tu, mtu anaandika na vidole vina oili. Msibani nililisoma daftari lote usiku mmoja, neno kwa neno, nikitafuta chochote kilichoandikwa kwa ajili yetu. Kulikuwa na safari, lita, majina ya vituo vya mizani, bei za viazi. Kuelekea mwisho ndipo nikakuta mistari ile. Novemba: *Safari hii haijaomba oili. Mungu mkubwa.* Desemba: *Haijaomba.* Na Februari, wiki tatu kabla hajaanguka: *Oili imepanda, sijaongeza.*

Siku ya kuanua matanga niliombwa kusema neno. Nikasoma mistari hiyo mitatu mbele ya watu. Nikaifananisha na chupa ya mafuta ya yule mjane wa Sarepta, ambayo haikupungua. Nikasema baba aliondoka chombo chake kikiwa kimejaa. Watu waliitikia Amina, mwinjilisti akanishika mkono. Ulikuwa uchambuzi mzuri. Bado nauonea aibu.

Fundi hakusoma neno hata moja. Alilishika daftari karibu na uso, kurasa zikielekea mwanga, akawa anafunua taratibu kama mtu anayeangalia picha za harusi. "Haya si uchafu," akasema. "Mzee alikuwa anapima."

Kumbe ni kipimo cha siku nyingi. Unachukua tone moja kwenye kijiti, unalidondosha kwenye karatasi, unaliacha likauke. Oili yenye afya hutawanya masizi yake: doa hupanuka na weusi wake unafifia sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni. Oili iliyochoka haiwezi tena kuyabeba, kwa hiyo weusi unabaki umerundikana katikati, na mpaka mkali kama umechorwa kwa bikari. Karatasi ya daftari si nzuri sana kwa kazi hii, lakini ukitumia ileile miaka yote, doa la leo unaweza kulilinganisha na la jana. Baba alikuwa na madoa ya zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimesoma maneno nikaruka maandishi.

Fundi alinipitisha. Haya ya mwanzo, unaona, gari lilikuwa zima. Hapa alichelewa kubadili, alikuwa safarini au hana pesa. Hapa alinunua oili mbovu mahali, tazama ilivyokufa baada ya safari mbili. Na kweli, pembeni baba alikuwa ameandika kwa hasira jina la duka, ambalo sitalitaja. Hapa ringi zilianza kuchoka, na maneno yanakubali: *lita 1 Mikumi*, kisha *lita 1 na nusu Mikumi*, kila safari. Halafu akafika Novemba, akanyamaza. Doa la Novemba lilikuwa na kitu ambacho mengine hayakuwa nacho. Nje ya weusi kulikuwa na duara lingine, jepesi, la manjano, lililosambaa mbali kama mvuke kwenye kioo. La Desemba lilikuwa pana zaidi. La Februari lilifika kwenye waya wa daftari.

"Dizeli," akasema. "Oili haizaliani, mwalimu. Ikipanda bila kuongezwa, kuna mgeni ameingia."

Mgeni angeweza kuwa maji, lakini maji huifanya oili iwe kama chai ya maziwa, nayo haikuwa hivyo. Injini ile ina pampu ya dizeli inayolainishwa na oili ileile ya injini. Sili za ndani zikilika, dizeli hupenya kimyakimya upande wa pili. Nozeli zinazochuruzika nazo huchangia, zinamwaga mafuta yasiyoungua yakateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu. Kwa hiyo gari la baba lilikuwa bado linakula lita moja na nusu kila safari, ila lilikuwa linarudishiwa lita moja na nusu ya dizeli. Kijiti kinasema kumejaa. Kilichojaa kinazidi kuwa chepesi kila siku, na beringi zinabebwa na kitu kisichoweza kubeba. Miezi ile ambayo halikuomba ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote.

Mama alishawahi kuniambia kwamba miezi hiyohiyo baba aliacha vidonge vya presha, kwa kuwa kichwa kilikuwa hakimuumi tena.

Fundi akamwambia kijana wake afungue ile swichi ya taa ya oili afunge geji mahali pake. Injini ikiwa ya baridi, na ile SAE 50 yangu, sindano ilipanda kwa majivuno. Nikafurahi. Akanikata. Presha unayoiona pale, alisema, ni ubishi wa oili kupita, si wingi wa oili inayofika. Tuliiacha iungurume, tukanywa chai, akanisimulia baba alivyokuwa anaimba akiteremka Kitonga kwa gia ya pili. Injini ilipopata moto sawasawa sindano ilikuwa inatetemeka chini ya bar moja. Oili nzito kuliko zote dukani, ina usiku mmoja tu ndani, na tayari ilikuwa inaanza kulegezwa.

Sasa, kuhusu oili ipi. Nimeona watu wakibishana juu ya jambo hili kama wanabishania timu, kwa hiyo nitaeleza alivyosema yeye, mtu aliyefungua injini hizi maisha yake yote. Kwanza huchagui oili mpaka ujue gari linaumwa nini. Kubadili gredi kabla ya kujua ni kumpa mgonjwa blanketi zito. Dizeli izuiwe isiingie, kisha tuongee. Baada ya hapo, kwa Canter ya milimani inayoshuka pwani, 15W-40. Kwenye dumu utafute herufi C, ndiyo ya injini za dizeli. Inayoanza na S peke yake ni ya petroli, na wauzaji wengi hawajali. Baada ya C zinafuata hatua: CF-4 ni ya mwaka 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, na iliyokuja baadaye kwa kawaida hubeba masizi mengi kuliko iliyotangulia. Yeye akiipata CI-4 haendi mbali zaidi. Gari la baba lilipotengenezwa hata hiyo haikuwepo, na halitaringa likipewa.

Nikamuuliza kuhusu dizeli yetu, maana nilishasikia kwamba salfa inageuka asidi na kuila injini. Akasema ndivyo ilivyo, na oili nzuri ina dawa ya kuzima asidi hiyo, lakini tangu 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hofu hiyo imepungua kwa anayenunua mafuta kwenye kituo na si kwenye madumu ya porini.

Na ikiwa baada ya kutengeneza taa bado inawaka injini ikiwa ya moto? Hapo ndipo anapokubali 20W-50. "Lakini ujue umenunua nini," akasema. "Umenunua miezi. Hujanunua injini." Ile dawa ya makopo hakuitaja kabisa. Alikuwa na kazi nyingine: kutoboa kwa msumari madumu matupu ya oili kabla hayajatupwa, ili asije mtu akayajaza oili chafu iliyochujwa na kuyarudisha dukani. Alitoboa matano tukiwa tunaongea.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka pale nikampigia mdogo wangu simu. Sikumpigia. Nililirudisha gari nyumbani na ile 50 ikiwa ndani. Jumatano nilisahihisha mitihani. Alhamisi dalali alinipigia kuuliza kama moshi umetulia, nikajibu umetulia, na hilo lilikuwa kweli. Ijumaa mama alinionyesha karatasi ya makadirio ya fundi wa paa, jumla imepigiwa mstari mara mbili. Nilijiambia kwamba yeye ni dereva, kama hajui hali ya gari nani atajua? Nilijiambia kwamba katika biashara ya magari kuukuu kila mtu anajua kwamba kila mtu anaficha. Mtu anayefundisha lugha ana maneno ya kutosha kujidanganyia wiki nzima.

Jumapili alikuja baada ya ibada, amevaa shati jeupe, fedha imo kwenye bahasha ya khaki. Nilikuwa nimeshaliwasha. Lilikuwa la moto, linaunguruma kwa upole, moshi hakuna wa kusema. Alilizunguka, akagonga boneti kwa kiganja kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

"Mzee alilitibu hili gari, kaka," akasema. "Mwishomwisho hata oili lilikuwa haliombi. Mimi ndiye nilikuwa nashuka na dumu pale Mikumi, navuta kijiti, nakuta imejaa. Nikimwambia, anafurahi."

Nikaingiza mkono dirishani nikazima injini. Nikamwambia yote: namba 50, dawa, geji, mgeni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumapili."

Sikuwa na la kujibu. Kuku walipita chini ya gari. Nikampa daftari, akakaa kwenye ngazi ya kupandia, shati jeupe na yote, akaanza kufunua. Yeye alilisoma kwa namna ya tatu. Aliweka kidole kwenye doa moja akasema hapa tulilala siku mbili Mikumi, tairi. Hapa mvua ya Kitonga, lori lilikuwa limelala njiani, foleni mpaka asubuhi. Alipofika Februari alikaa muda mrefu. Nadhani alikuwa anakumbuka kwamba habari njema zile alikuwa akizipeleka yeye.

Tulishuka hadi milioni 14. Mama aliposikia alisema paa litangoja, kisha siku mbili hakunipikia chai. Pampu na nozeli zilipelekwa Iringa kwa wanaozipima. Gharama nililipa mimi kutoka mshahara wangu kwa mafungu matatu, na hakuna aliyeniomba nifanye hivyo wala aliyenishukuru. SAE 50 yangu fundi aliimwaga kwenye pipa la oili chafu, ikaenda kupakwa kwenye nguzo za uzio. Ikawekwa filta mpya na 15W-40, CI-4, ndoo ya lita 20, inayotosha mara mbili. Injini ikiwa ya moto na imetulia, sindano ilisimama kwenye bar moja na nusu, haitetemeki. Moshi wa bluu bado upo. Ringi zimekwisha, na ringi hazitibiwi kwa oili. Huyo mdogo wangu atazifungua akishapata fedha, pengine baada ya msimu wa viazi.

Bado ananiita kaka. Lakini akiwa na swali la gari humpigia fundi kwanza, na mimi naambiwa baadaye.

Daftari lilikuwa limebaki na kurasa kumi na moja. Alilichukua. Wiki ya pili tangu aanze safari alinitumia picha kwenye simu, nikiwa chumba cha walimu. Ukurasa mpya, doa jipya, weusi umefifia vizuri hadi ukingoni, duara la manjano hakuna. Chini yake, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto: *Imeomba lita moja, Mikumi. Nimeongeza.*